Kizibo cha Mwisho

Saa ya uji Mwalimu Mwanahamisi analaza kichwa mezani, juu ya mkono wenye pete ya fedha iliyopinda. Watoto wengine wametoka wote, darasani amebaki Siwema peke yake mkekani kando ya meza na vizibo vya soda, kila kizibo kimeandikwa herufi yake kwa rangi nyekundu. Tangu Januari mtoto huyu hajaunda neno, jamani, hata moja, na leo bibi yake anakuja: akikuta hajui kitu anamrudisha nyumbani akamlee mdogo wake. Unda maji, mwanangu, maji tu, anasema mwalimu, kisha macho yanafumba na meza inafunguka kama mlango.

Huko ndani barabara nzima ni vizibo, vinateleza miguuni, na kila akifika mwisho barabara inaanza upya. Kiu imemkaba. Anaingia mji ambao nyumba zake zote ni vioo, na katika kila kioo yumo yeye, mfupi, ana sare ya chekechea, kamasi zinamtoka. Loo! Bombani amesimama mtu asiye na uso, kanga begani. Shikamoo, naomba maji. Marahaba, yaunde. Mwalimu anacheka kwa hasira, mimi huyu, miaka kumi na tisa nafundisha! Anachuchumaa, anaweka m, anaweka a, anaweka j, ananyoosha mkono kuchukua cha mwisho, na mkono wa yule mtu umeshafika, umekiweka. Vizuri, anza tena. Lakini nilikuwa najua! Ungejua ungeweka. Hukuningoja! Kungoja ninakujua, anajibu yule mtu, lakini haraka hii ni ya nani? Anaanza tena, na tena, mji unageuka, vioo vinahama na bomba linahama navyo, na kila mara mkono ule unamtangulia, mpaka anapiga mguu chini, analia kwa sauti, we mama una nini lakini, niachie! Anaudaka ule mkono. Kidoleni mna pete ya mwalimu mwenyewe, ile ya fedha iliyopinda.

Kengele inalia. Anainua kichwa. Siwema yupo palepale, mbele yake m, a, j, amekwama, na mkono wa mwalimu wenye pete tayari uko hewani, unakwenda kumalizia, kama kila siku tangu Januari. Yarabi, kumbe ni mimi! Mlangoni bibi amefika, jua liko nyuma yake na uso hauonekani. Mwalimu, huyu hajui, nimchukue tu. Mwalimu anaikalia mikono yake yote miwili. Ngoja kidogo, bibi. Siwema anamtazama, anasubiri amaliziwe. Mwalimu bado ana kiu, hajui kama ameamka au ndiyo kwanza anaingia. Mtoto anapekua vizibo, anaokota kimoja, anakirudisha, anaokota kingine. Anakiweka.

Umejua lini, Siwema? anauliza mwalimu.

Mtoto anakunja uso. Nilikuwa najua, anasema.