Nukta Moja ya Kaka

Dada alitakiwa kuijibu barua ya chuo cha uuguzi kabla ya saa sita mchana, la sivyo nafasi yake angepewa mwingine. Barua yenyewe haikuwa imefika. Kaka, aliyehamishia barua pepe za familia kwenye seva yake, kompyuta ya kupokelea barua iliyokaa chini ya kitanda, alitutangazia kuwa mitambo ni mizima.

"Chuo hakijatuma," alisema.

"Wametuma mara tatu, inawarudia!" Dada alifoka, simu sikioni. "Karani ananisomea hapa ujumbe wa kukataliwa. Eti inatafutwa seva yenye jina letu mara mbili mfululizo. Ulitaka tuitwe kwa mwangwi?"

Kaka alifungua rekodi ya kuelekeza barua kwenye seva, aliyoiandika wiki iliyopita, akanywea. Nikasogea kwa heshima zote za msibani. Mwishoni mwa jina la seva hakuweka nukta, na bila nukta hiyo mtambo hulibandika jina la familia tena.

"Ni nukta moja tu," alinong'ona, akaiweka.

"Na mimi nikung'oe jino moja tu?"

"Mabadiliko yataenea mtandaoni kufikia kesho, dada yangu."

Ilikuwa saa tano na nusu. Dada alinigeukia. "Wewe una anwani ya barua pepe ya bure. Itaje."

Niliifungua bwenini, kwa mzaha. Dada alimtajia karani huku meno yameumana: "Sultani wa Upele. Ndiyo, mama, upele."

Barua ikaingia. Sultani wa Upele akaikubali nafasi ya uuguzi kwa unyenyekevu mkubwa. Kisha Dada akavua kandambili, akatutazama mimi na Kaka, akipima aanze na nani.