Ufa Kwenye Orofa ya Nane

Munyao aliuona ule ufa Jumanne asubuhi, akaisahau chai yake mezani. Ulianzia sikioni mwa baba yake ukatambaa shavuni, mwembamba kama uzi. Jumatatu haukuwapo.

Baba mwenyewe alifariki zamani, Munyao akiwa na miaka sita. Huyu aliyepasuka alikuwa wa mti, kichwa alichokichonga Munyao kwa kufuata picha ya zamani, kutoka kwenye mti wa mukau alioupanda marehemu kwao Wamunyu. Mama yake, Nzisa, alipoteza macho mwaka juzi. Siku moja kule Makongeni anakoishi na binti yake, alisema neno lililomchoma mwanawe: "Munyao, uso wa baba yako umeanza kunitoka. Nichongee niushike." Munyao aliahidi kuupeleka Jumapili. Na mti ule ulikuwa wa mwisho kati ya aliyopanda marehemu.

Munyao si fundi wa juzi. Anajua kwamba mti mbichi ukikauka mbio hupasuka. Ndiyo maana alifanya kama walivyomfundisha kwao: mchongo mbichi hauwekwi chini penye unyevu na mchwa, hupandishwa darini ukauke polepole. Basi katika chumba chake mtaani Pipeline, orofa ya nane, ya juu kabisa, akaupandisha juu ya kabati. Mazoea yana taabu. Hakujiuliza dari ile ni dari ya namna gani.

Lakini kwa nini ukauke mbio huku juu? Miaka kumi na mmoja alichonga orofa ya chini ya jengo hilohilo, mpaka mwenye nyumba alipokigeuza chumba chake duka, na hakupasukiwa hata na mwiko. Patasi zilezile, mikono ileile. Kilichobadilika ni ngazi tu.

Hapo udadisi ukamshika kama homa. Alichukua mkebe wa mafuta ya kupikia, yale yanayoganda, akaweka kijiko kimoja kwenye kifuniko cha chupa, na kila orofa akaacha kifuniko chake. Aluoch wa orofa ya nne alimkuta ameinama mlangoni pake.

"Fundi, umeanza uganga? Hii mafuta ni ya kuroga nani?"

"Ya kuroga joto, mama. Usiikanyage."

Saa tisa alasiri alishuka akikagua. Orofa ya nane mafuta yalikuwa yamelegea yakang'aa. Ya nne yalikuwa laini. Chini kabisa yalikuwa magumu, alama ya kijiko bado imesimama. Lakini vifuniko viwili alivyoviacha chumbani mwake ndivyo vilivyomshangaza zaidi: cha sakafuni kilikuwa na mafuta laini tu, cha juu ya kabati mafuta yake yalikuwa yameyeyuka kama maji. Chumba kimoja, mlango mmoja!

Alimpelekea habari Owiti, fundi wa redio wa orofa ya chini, ambaye hakushangaa hata kidogo.

"Buda, cheki hii moshi," alisema Owiti, akigusisha uzi wa risasi ya kulehemu kwenye chuma chake cha moto. Moshi ukapanda wima, ukaikuta dari, ukatafuta mlango, ukaingia ngazini na kuendelea kupanda. "Hewa ikishika moto inakuwa nyepesi, inapanda. Sisi wote tunapika huku chini. Hiyo joto inaenda wapi? Kwako! Na hapo juu yako kuna slabu ya simiti imekula jua siku mzima. Uko katikati, kama chapati."

Munyao alirudi juu, akapanda kiti, akabandika kiganja kwenye dari. Ilikuwa na moto wa sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Alicheka peke yake, kisha kicheko kikamwisha, maana alikuwa amemwanika baba yake jikoni.

Jioni hiyohiyo alikipaka kichwa nta, akakifunga gunia lenye unyevu, akakiteremsha orofa zote hadi chini ya meza ya Owiti. Kufikia Jumamosi ufa ulikuwa umejibana, lakini haukuziba. Angeweza kuujaza gundi na vumbi la mti. Aliufungua mkebe wa gundi, akaufunga tena. Aliona haya kumdanganya mtu asiyeona.

Jumapili, Makongeni, mama aliupokea uso mapajani. Vidole vikapita kwenye paji la uso, vikashuka puani, vikafika shavuni. Vikasimama. Vikaurudia ufa, mara ya pili, ya tatu.

"Nisamehe, mama. Joto la kule juu limempasua. Sikujua."

Nzisa hakumsikiliza. Kwa mkono mwingine aligusa shavu lake mwenyewe, lililojaa makunyanzi.

"Alikufa hana hata kunyanzi moja," alisema taratibu. "Miaka yote hii nimezeeka peke yangu, yeye kijana tu. Nilikuwa naona aibu kumkumbuka." Akaubonyeza ufa kwa kidole gumba. "Sasa huyu ni mume wangu."