Mfuo Usio na Kazi

Kama kuna siku Randa aliomba ardhi ipasuke immeze, ni ile siku ya wageni wawili. Na haikupasuka. Ardhi ukiihitaji huwa haina habari na wewe.

Randa alikuwa seremala mkuu katika kiwanda cha mashine za gololi. Kwa asiyezijua, hizi ni zile meza za mchezo zenye miguu minne na kioo juu: unafyatua gololi ya chuma, inagonga huku na kule, taa zinawaka, kengele zinalia, na kazi yako ni kubonyeza vitufe viwili vya ubavuni ili vibawa viirudishe juu kabla haijatumbukia shimoni. Ikitumbukia, kwisha habari yako. Michoro ilitoka kwa kampuni moja ya ng'ambo, ambayo ndiyo iliyoziuza kwa jina lake. Kiwanda kilitengeneza tu, kikafunga kwenye makasha, kikapakia. Watu arobaini walikula kwa mashine hizo, akiwemo Randa, akiwemo mkewe aliyekuwa idara ya nyaya, na akiwemo kaka wa mkewe, ambaye ndiye mwenye kiwanda.

Huyo shemeji alikuwa mtu mwema mwenye mdomo mkali. Mwaka uliopita mfanyakazi mmoja, mpaka rangi, alikwaruza masanduku mawili, akabandika stika juu ya mikwaruzo, akanyamaza. Mashine zikarudishwa kutoka ng'ambo. Shemeji akapanda juu ya kasha, akawakusanya wote, mishipa ya shingo imemtoka. "Atakayeniharibia kazi halafu akaficha, hata awe mtoto wa mama yangu mzazi, mlango ule pale!" Mpaka rangi alipita mlango ule siku hiyohiyo, na ndoo yake mkononi. Randa alikuwa amesimama mstari wa mbele, anatikisa kichwa kukubali, tena kwa nguvu kuliko wote.

Miezi mitatu baadaye akaharibu yeye.

Sikiliza alivyoharibu, maana hata fundi mzuri hufika mahali akili ikaenda likizo. Tepu yake ya kupimia ilikatika ncha, zile sentimita mbili za mwanzo zikapotea. Badala ya kununua nyingine, Randa, kwa ubahili wake, akawa anaanzia kwenye mbili halafu anaongeza mbili kichwani. Arobaini anaisoma arobaini na mbili. Kwa wiki nzima mambo yakaenda sawa. Kisha ikaja mashine mpya kabisa, ambayo haijawahi kuonekana sokoni, masanduku kumi na mawili ya kwanza ya kwenda kujaribiwa kimyakimya kwenye kumbi za michezo. Yote kumi na mawili Randa akayapima bila kuongeza ile mbili.

Papi ya nyuma, ule mti mwembamba unaobeba ubao wa mchezo, ikakaa chini kwa sentimita mbili. Ubao ukapoteza mteremko. Alipoweka gololi kujaribu, ikawa inajivuta kama mtu aliyetumwa asikotaka. Na gundi ilikuwa imeshakauka.

Loo! Randa alikaa chini palepale kwenye vumbi la mbao. Kupasua papi kungeharibu masanduku. Kumwambia shemeji, alikumbuka ndoo ya mpaka rangi. Basi akaokota mabaki ya mti pembeni, akakata vipande vidogo ishirini na vinne vyenye kimo cha sentimita mbili, akagandisha viwili viwili juu ya kila papi, kushoto na kulia, akapaka rangi nyeusi. Ubao ukainuka pale unapotakiwa. Gololi ikateremka vizuri. Mashine zikaenda, na makundi yaliyofuata akayapima kwa tepu mpya, papi mahali pake, bila vipande. Hakuna aliyejua. Hata mkewe hakumwambia, kwa kuwa mkewe ni dada wa nani?

Tangu hapo, kila shemeji alipomwita, hata kama ni kumuuliza saa, hamu ya chakula ilimkatika. Miezi minane mtu unaishi hivyo, utanenepa kweli?

Sasa turudi kwenye siku ya wageni. Mgeni wa kwanza alikuwa mkaguzi wa ile kampuni ya ng'ambo, mama wa makamo mwenye miwani minene na Kiswahili cha kuokoteza alichokipata kwa kuja na kurudi miaka mingi. Wa pili alitoka kwa wapinzani, kampuni nyingine kubwa inayotengeneza mashine kama hizo, na kwa kuwa hakujitambulisha vizuri, wafanyakazi wakambatiza Bwana Tai, maana tai yake ilikuwa imefika mpaka chini ya mkanda. Wapinzani hao walikuwa wamekizungukia kiwanda mwaka mzima. Mara watume watu wanaojifanya wanunuzi, mara wapige simu kuuliza nyaya zinanunuliwa wapi. Kisha, kabla kampuni ya ng'ambo haijaitangaza mashine yake mpya, wao wakatangulia kuonyesha ya kwao kwenye maonyesho. Picha za juu tofauti, ya ndani yaleyale. Na ushenzi wao haukuishia hapo, wakaandika barua kwamba walioibiwa ni wao.

Mashine mbili ziliwekwa katikati ya karakana, vioo vimetolewa. Moja ilikuwa ya wapinzani. Ya pili ilikuwa imetoka kwenye ukumbi mmoja wa michezo, na Randa aliitambua kabla hajaifikia. Ilikuwa mojawapo ya zile kumi na mbili.

"Mwenye kiwanda," mkaguzi alisema, "barua yao nzito. Leo nikikosa jibu, kazi hii tunaihamisha. Samahani, lakini ndivyo nimeagizwa."

Watu arobaini wakaacha kufanya walichokuwa wanafanya. Mkewe Randa alikuwa amesimama na koleo mkononi, mdomo wazi.

Bwana Tai akainua ubao wa mchezo wa mashine yao. "Tazameni hapa nyuma," akasema kwa sauti ya mtu anayeuza kiwanja. "Vipande viwili vyeusi." Akahamia kwenye ile nyingine, akainua. "Na hapa, vipande viwili vyeusi, vilevile. Mama mkaguzi, kwenye mchoro wenu vipo?"

Mkaguzi akafungua mchoro, akaukagua kwa kidole. "Havipo."

"Havipo! Kwa sababu ni uvumbuzi wetu. Na mtazame huu mfuo." Akapitisha kucha kwenye kijifereji kilichokatwa ubavuni mwa kipande. "Wahandisi wetu wametumia nusu mwaka kuutafuta. Unameza mtetemo, gololi inatulia. Muulizeni huyu bwana, mfuo huu umefikaje kwenye mashine yake?"

Shemeji akainama, akatazama. Akatazama tena. Masikini, alikuwa anaviona kwa mara ya kwanza maishani. "Mimi... sijui hivi ni nini," akasema, na karakana nzima ikamsikia mtu mzima anasema hajui kilichomo ndani ya kazi yake mwenyewe. Bwana Tai akatabasamu. Mkaguzi akavua miwani, akaanza kukunja mchoro taratibu, kwa huzuni, kama mtu anayekunja nguo za msafiri.

Randa aliona yote. Akili ilimwambia afyate ulimi. Alaumiwe mwenye kiwanda, alaumiwe shetani, yeye hayumo. Lakini alimwona shemeji yake amesimama pale mikono imening'inia, mtu aliyemchukua kazini alipokuwa hana hata msumeno wa maana, na roho ikamsuta vibaya mno. Akapiga moyo konde.

"Mama," akasema. Sauti ikatoka kama ya kifaranga. Akakohoa, akaanza upya. "Mama mkaguzi, usikunje kwanza. Vipande hivyo ni vyangu."

"Vyako vipi?" shemeji akauliza.

"Nilikosea vipimo, shemeji. Tepu ilikuwa imekatika ncha. Papi zote kumi na mbili niliziweka chini kwa sentimita mbili, gundi ikakauka, nikaogopa. Nikainua ubao kwa hivyo vipande, nikapaka rangi visionekane." Alipofika hapo hakukuwa na kurudi nyuma, akamalizia mbiombio. "Havimezi mtetemo wowote. Vinaficha kosa langu tu."

Mkaguzi akaufungua tena mchoro.

Bwana Tai akacheka kicheko cha puani. "Hadithi nzuri. Na mfuo? Mfuo nao ni kosa?"

"Mfuo ni wa choo," Randa akasema.

"Wa nini?"

"Choo chetu. Wiki ile tulikuwa tunabadilisha fremu ya mlango wa choo. Mti nilioukata ni mabaki ya fremu. Huo mfuo ndipo mlango unapokaa ukifungwa. Sikuwa na nia nao hata kidogo. Tulikata fremu, tukabakiwa na kipande, nikakitumia. Njooni muone."

Ndipo ukatokea msafara ambao kiwanda kile hakijaona mfano wake. Randa mbele na kipande cheusi alichokibandua kwenye mashine yake, mkaguzi nyuma yake na miwani yake minene, shemeji, Bwana Tai anayesema "huu ni upuuzi" kila hatua mbili, na nyuma yao watu wote wa nyaya, rangi na upakiaji, wanaelekea chooni. Mtu mmoja alikuwa ndani. Alipogongewa na kufungua, akakuta kampuni mbili za kimataifa zimempangia foleni, akatoka mbio huku anafunga mkanda.

Mkaguzi akachukua kipande, akakiegemeza kwenye fremu. Mfuo kwa mfuo, kina kwa kina. Akaomba rula, akapima. Akarudi karakana, akapima na ule wa mashine ya wapinzani, uliochongwa kwa mashine nzuri, umenyooka, umepigwa msasa mpaka unateleza. Milimita hazikupishana hata moja. Akapima na papi yao. Ilikuwa chini kwa sentimita mbili.

"Bwana," akamwambia Bwana Tai, na sasa Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka ghafla, "mmechora papi chini, kisha mmeweka vipande kuiinua. Kwa nini hamkuiweka juu tangu mwanzo?"

Bwana Tai akaangalia simu yake, ambayo haikuwa imelia, akasema ana dharura. Mashine yao akaiacha palepale, na hakuna aliyemkumbusha.

Mkaguzi alijikaza kisabuni mpaka gari la yule bwana lilipotoka getini. Halafu akaketi kwenye kasha akacheka hadi miwani ikaingia ukungu. "Nusu mwaka!" alikuwa anasema. "Wahandisi! Mlango wa choo!" Akapiga simu ng'ambo palepale, akaongea kwa lugha yao, na neno pekee lililoeleweka lilikuwa "choo", kwa kuwa hakupata lingine la kutosha. Alipokata simu akampa shemeji mkono. Kazi inabaki. Na barua, sasa itaandika kampuni ya ng'ambo.

Vigelegele, vifijo, watu wakakumbatiana. Randa peke yake alibaki amesimama kando ya benchi lake, anakusanya zana zake kwenye mfuko. Ile randa yake ya kulainishia mbao, patasi zake, penseli. Hakuwa na kinyongo. Ajabu ni kwamba njaa ilikuwa imemrudia, mara ya kwanza kwa miezi minane, na alihisi angeweza kula chochote atakachopewa.

Shemeji akamjia. Kelele zikapungua.

"Unakwenda wapi?"

"Si ulisema, shemeji? Hata awe mtoto wa mama yako."

"Nilisema." Shemeji alikuwa amekasirika, hilo lilionekana, lakini macho yake yalikuwa na maji. "Miezi minane unakula mezani kwangu. Wanangu wanakuita baba. Na hukuniambia."

"Nilikuogopa."

Lilikuwa neno dogo, lakini lilimpiga yule mtu kifuani, akarudi hatua moja. Akageuka, akawatazama wafanyakazi wake mmoja mmoja, kama anayewahesabu. Wakainamisha macho.

"Yule mpaka rangi," akasema polepole, "naye alikuwa ananiogopa?"

Mfanyakazi mmoja wa rangi akatikisa kichwa kukubali.

"Mtafuteni. Mwambieni namuomba aje tuongee. Na wewe, rudisha hizo zana, usinitie aibu mbele ya mgeni." Akavuta kasha, lakini hakupanda juu yake kama mwaka uliopita. Alikaa. "Haya. Kuna mwingine mwenye la kuniambia? Leo sifukuzi mtu. Wala kesho."

Watu wakatazamana. Kisha mkono mmoja ukainuka, bado umeshika koleo. Alikuwa mkewe Randa.

"Kaka," akasema, "ile oda ya pili ya mashine mpya, nilikata waya wa kengele mfupi. Nikauunga, nikaficha kiungo ndani ya bomba la nyaya. Mchoro unakataza viungo. Mashine nane."

"Wewe?" shemeji akasema. "Dada yangu mimi?"

"Mimi. Tangu siku hiyo sijapata usingizi wa maana."

Nyuma yake ukainuka mkono mwingine, wa mtu wa stika. Halafu wa mtu wa miguu. Shemeji akashika kichwa, na mkaguzi, anayestahili pongezi, akageukia dirishani kama vile hasikii.

Randa alikuwa anamtazama mkewe tu. Miezi minane walikuwa wamelala kitanda kimoja, huyu kageukia ukuta ule, huyu kageukia ukuta huu, kila mmoja akidhani mwenzake amesinzia.

"Kumbe na wewe ulikuwa macho," akamwambia.

"Muda wote," mkewe akasema, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, akaja akasimama karibu naye.