Lori Lililokwenda Beni kwa Upepo

Alhamisi, tarehe 10 Septemba 1964, saa tatu asubuhi, mbingu ya Butembo ilikuwa nyeupe na upepo ulivuma kutoka kusini-mashariki. Mbele ya nyumba yake huko Vulamba, Aruna alifungua tangi la lori lake akalikuta kavu. Askari walikuwa wamepita alfajiri na mpira wa kunyonyea mafuta. Walisema petroli ni ya taifa. Mwaka uliotangulia askari wengine, wenye kofia nyingine, walikuwa wamesema hivyo hivyo.

Binti yake Safi alikuwa aolewe Beni kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa. Bwana harusi angevuka kwenda Uganda Jumamosi kukimbia vita, awe na mke au asiwe naye. Aruna alieleza, bila huzuni nyingi, kwamba lori haliwezi kwenda.

"Petroli haiko, mais upepo iko," alisema jirani yake Kasonia.

Kasonia alikuwa shemasi wa Kiprotestanti. Kabla ya hapo alikuwa amevua samaki kwa mtumbwi wa tanga katika Ziwa Eduard kwa miaka kumi na miwili. Upepo huo aliufahamu: ulikuwa wa ziwani, na ulinuka samaki. Alisimamisha mti wa mkaratusi juu ya lori, mwisho kabisa wa mizigo, akafunga turubai juu yake kama tanga. Lori likaondoka.

Safi alikaa ndani, kando ya baba yake, mahali alipokaa tangu alipokuwa na miaka minne. Mama yake, Halima, alikaa juu ya mizigo pamoja na Kasonia, aliyeshika kamba za turubai. Huko Maboya wanawake wa viazi waliwasimamisha.

"Munaenda na upepo?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mutubebee hii magunia mbili."

Walipopita Maboya lori lilianza kugeuka. Pua ilivutika kuume, kisha nyuma, hadi ikatazama Butembo. Aruna alilirudisha njiani. Likageuka tena.

"Papa Safi, bashi iko nyuma sana," Kasonia alisema, akionyesha turubai. "Upepo inasukuma mukia. Mukia ikikimbia upepo, pua inarudia upepo." Na upepo ulitoka upande wa nyumbani.

Walihamisha mti na turubai hadi karibu na kabini. Kisha walisogeza mizigo yote nyuma kabisa, ili magurudumu ya huko yashike barabara: godoro, masanduku ya bibi harusi, viazi, na Halima.

"Basi mimi pia niko gunia?" Halima aliuliza, akahama.

Lori lilitulia, lakini si sana. Aruna alilazimika kuukaza usukani kushoto wakati wote. Magurudumu ya mbele yalikwaruza barabara na mwendo ukafa. Lilipogeuka mara ya tatu, Halima alishuka, akaja dirishani akauchungulia uso wa mumewe. Ulikuwa umeridhika.

"Wewe, unashika usukani ao unashika mutoto?"

Kasonia naye alitazama ndani ya kabini. "Mbele kumebakia muzigo moja."

"Ni kilo makumi tano tu," Aruna alisema.

"Upepo iko na mizani yake."

Safi alifungua mlango mwenyewe. "Papa, minaenda nyuma tu. Hapana mbali."

Aruna aliushika usukani kwa muda. "Ujifunike," alisema. "Kule iko baridi."

Kutoka hapo lori lilinyooka kama uzi. Aruna aliliongoza kwa vidole viwili hadi Beni. Alitazama kioo cha pembeni mara nyingi. Kilionyesha turubai peke yake.

Kwenye kizuizi cha Beni askari walipima tangi, wakalikuta kavu. Hawakuuliza lori limefikaje. Walisema turubai ni la taifa, wakalifungua.

Lori lilisukumwa hadi uani kwa wakwe. Safi aliolewa Ijumaa saa nane, na Jumamosi akavuka mpaka na mumewe. Halima alibaki siku saba, akalia siku mbili kati ya hizo. Kasonia alitembea kwa miguu, akafika Butembo kwa wakati wa kufungua kanisa Jumapili. Askari walijijengea kibanda kwa turubai. Jumapili hiyo hiyo asubuhi lori lilikutwa limegeuka peke yake, pua ikielekea barabara ya Uganda. Aruna alipangusa vumbi kwenye kiti cha pembeni, akaenda sokoni kuulizia turubai jingine.