Wote Waliobaki Baada ya Kengele

Saa nane mchana kengele ya mwisho ya shule ililia, na Victoire hakutoka getini.

Baba yake, Gaston, alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, katika kitongoji cha Malvern, nyuma kidogo ya barabara kuu ya Jules Street. Alikuwa mlinzi wa zamu ya usiku, na saa hiyo kwa kawaida huwa amelala. Alimwona binti yake akikatiza uwanja na kufuata watoto wengine hadi kwenye ukumbi wa matofali nyuma ya madarasa. Mlango ukafungwa.

Ilikuwa wiki ya tatu. Akiulizwa kwa nini anachelewa, Victoire alijibu kwa Kiingereza kwamba anabaki shule, basi. Alizaliwa hapahapa, Kiswahili cha nyumbani alikielewa, hakukisema. Katika shule aliyosoma Gaston, kule kwao Likasi, baada ya kengele ya mwisho walibaki wenye adhabu tu. Mtoto wa miaka kumi alikuwa amefanya kosa gani la kuadhibiwa wiki tatu? Asipopata jibu leo, angemtoa humo, arudi kushinda saluni kwa mama yake kama zamani.

Mama yake, Thérèse, hakuwa na la kusaidia. "Mwalimu alipiga simu," alisema jana yake, vidole vikiwa kichwani mwa mteja. "Aliuliza kama nakubali mtoto abaki. Nikamwambia ndiyo. Nikaongeza, kama ni fimbo, mpigeni tu."

"Akasemaje?"

"Akasema asante."

Kwao, baba haombi radhi kwa kinywa chake mwenyewe. Huenda na msemaji. Gaston alikuwa amemwomba Bakiri, jirani yake kutoka Tanga mwenye spaza, kiduka cha mtaani, ambaye Kiingereza chake kilikuwa kizuri. Bakiri alikuja amevaa kanzu safi, trei ya mayai mkononi.

"Kachoma darasa?" Bakiri aliuliza wakivuka barabara. "Nambie mapema, Papa Gaston, nijue pa kuanzia kulia."

"Sijui alichofanya."

"Sasa mimi naombea radhi kitu gani?"

"Omba tu. Watatuambia."

Ukumbini kulikuwa na watoto kama arobaini kwenye meza ndefu. Wengine walikuwa wakila mkate na maharage, wengine wakiandika. Hakuna aliyepiga magoti. Mwanamke aliyevaa aproni alijitambulisha: Thembeka, msimamizi. Bakiri aliweka mayai mezani, akainamisha kichwa, akazungumza kwa muda mrefu na kwa huzuni ya kuridhisha. Thembeka alimsikiliza hadi mwisho, akauliza swali fupi.

"Anauliza mtoto amefanya nini," Bakiri alisema.

"Hilo ndilo tumekuja kumuuliza yeye."

Wakaongea tena. "Anasema hakuna kosa."

"Basi kwa nini wanamzuia?"

"Hazuiliwi."

Gaston akatazama meza zote. "Na hawa wengine?"

"Nao hawana kosa."

"Wote?"

"Wote, bwana. Nimemuuliza mara mbili, ameanza kunishangaa."

Thembeka alieleza, Bakiri akatafsiri: mwalimu wa darasa aliona Victoire hawezi hesabu za sehemu, nyumbani saa hizi baba amelala na mama yuko kazini, hapa anakula, anafanya kazi za shule, anasoma mpaka saa kumi na moja.

"Wanataka nini kwetu?"

"Hawataki kitu."

Jibu hilo lilimsumbua Gaston kuliko kosa lolote. "Kitu nisichokielewa siwezi kumwacha mtoto ndani yake," alisema. "Victoire. Chukua mkoba."

Victoire hakuinuka. Aliangalia daftari, kisha baba yake.

"Papa," alisema kwa Kiswahili, polepole, "nimalize kwanza."

Gaston alikwenda kusimama nyuma yake. Zilikuwa hesabu za sehemu. Mwezi uliopita, saluni, mtoto huyuhuyu alilia kwa sababu ya nusu na robo, mama yake na wateja wawili wakashindwa kumsaidia. Gaston alichukua penseli akaandika lake mwenyewe: theluthi mbili ongeza robo. Victoire aliandika kumi na mbili chini, akafikiri, akaandika kumi na moja juu. Gaston alihesabu kichwani. Akampa jingine, gumu zaidi. Akahesabu tena, safari hii kwa vidole. Lilikuwa sahihi.

"Nani amekufundisha?"

Victoire alimwonyesha Thembeka kwa kidevu, akaendelea kuandika.

Gaston alirudisha penseli mezani.

"Kwa hiyo hajafanya kosa," alimwambia Bakiri.

"Hajafanya."

"Na hawataki kitu."

"Hawataki."

"Sielewi."

"Hata mimi," Bakiri alisema. "Twende."

Wanaume wawili walitoka. Victoire alibaki.