Mwonyeshe Mwenye Kochi

Kichwa cha barua pepe ya tano alikitunga Mjomba mwenyewe, amesimama nyuma ya kiti changu, ananipumulia shingoni: HARAKA!!! USIPITWE!!! OFA INAISHA LEO SAA SITA!!! Kazi yangu mimi ilikuwa kuchapa tu. Nilipoweka alama ya mshangao ya pili nikaona zinatosha, nikainua kidole.

"Weka na ya tatu," akasema. "Mbili ni za watu wasiojiamini."

Hakukuwa na ofa yoyote inayoisha saa sita. Hakukuwa hata na ofa yenyewe. Nilitaka kumwambia, maneno yakapanda mpaka kooni, yakakaa hapo hapo kama kawaida yao. Hata darasani niko hivyo. Jibu ninalo, nimeshaliandika pembeni ya daftari, halafu mwenzangu analitaja na kupigiwa makofi, na mimi napiga makofi pia.

Baba ni fundi makochi. Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, kwa hiyo sisi sebule hatuna, tuna makochi ya watu. Au tulikuwa nayo. Tangu mwaka uanze watu wananunua mapya yaliyofungwa kwenye nailoni, na chumba kimebaki na marobota ya sponji, ndoo ya misumari na ile cherehani kubwa pale kwenye kona. Cherehani ile inapita kwenye ngozi na turubai kama inapita kwenye karatasi. Fundi mmoja wa mabegi alikuwa ameshakuja mara mbili kuipapasa. Mara ya pili Baba akamwambia aje Jumamosi. Kama mpaka Jumamosi halijaingia kochi hata moja, aichukue, na Baba ataenda kuajiriwa kiwanda cha makochi, kule ambako mtu mmoja anapigilia misumari ya mguu wa kulia mpaka anastaafu.

Ilikuwa Jumatatu.

Mjomba ni kaka yake Mama. Alishauza vichujio vya maji, akauza vioo vya simu, na sasa alikuwa amemaliza masomo ya matangazo ya mtandaoni, mwezi mzima, kwa simu. Baba anamwita Mtaalamu, na sijawahi kujua kama anamsifu au anamcheka. Mwaka jana alimwamuru Baba awe anamwandikisha kila mteja anwani yake ya barua pepe kwenye daftari la wateja. Anwani zikafika mia mbili kumi na nne. Nilizichapa zote mimi, jioni tatu mfululizo, mpaka kidole kikafa ganzi.

Barua nne zilikuwa zimeshakwenda. Ya nne ilifunguliwa na watu tisa. Wawili kati ya hao alikuwa Mjomba, mara kwa simu, mara kwa kompyuta. Sita wakabonyeza pale pa kujiondoa. Yaani karibu wote walioingia waliingia ili watoke.

"Wateja wana masikio mazito, mpwa wangu," Mjomba akaniambia. "Lazima upige kelele."

Niliwahi kuandika barua yangu, wiki ya kwanza kabisa. Niliandika kwamba ukiangalia kochi la mtu utajua nani hukaa wapi, kwa vile lilivyobonyea. Mjomba aliisoma kwa sauti mbele ya Mama, akacheka mpaka akafuta machozi. Akasema hii ni insha, na insha haiuzi. Mama akaniambia nimsikilize mjomba wangu, amesomea. Mama hataki kusikia neno juu ya kaka yake. Nikameza.

Na kulikuwa na lile la mishono. Mwezi uliopita mteja alirudisha kochi kwa sababu mshono wa sehemu ya kuwekea mkono ulikuwa umepinda kama njia ya konokono. Baba akalaumu uzi, akabadilisha mwenye duka la uzi. Lakini sote tulimwona anavyoshona siku hizi, pua iko karibu na sindano, Mama roho mkononi. Alikwenda kupimwa macho, akaagiza miwani, na kila Mama akimkumbusha alijibu vile vile: walisema watamjulisha, wale ni watu wa ofisi, hawasahau.

Jumanne niliporudi shule, Mjomba akaniambia niangalie kama ile barua ya tano imefika kwangu, maana tulijitumia nakala. Nikatafuta kwenye simu. Haipo. Mwishowe nikafungua lile sanduku la barua taka, ambalo sikuwa nalifungua kamwe, na humo nikazikuta barua zetu zote tano zimejipanga, pamoja na mtu anayeniambia nimeshinda gari na mwingine anayetaka kuniondoa kitambi.

Na chini yao, barua nne za kliniki ya macho.

HABARI NJEMA KWA MACHO YAKO!!! Hicho ndicho kichwa chake, na nyingine tatu zilifanana nayo kama mapacha. Nilizikumbuka. Ya kwanza ilipokuja niliifuta bila kuifungua, mimi macho yangu mazima. Ya pili nikaibonyeza kwamba ni taka, na tangu hapo simu ikawa inazitupa yenyewe. Sasa nikaifungua iliyobaki ya zamani kuliko zote. Kuna picha ya mwanamke anacheka, kuna maneno mekundu ya miwani ya jua, halafu chini kabisa, kwa herufi za kutafuta na tochi: jina la Baba lote, na kwamba miwani aliyoagiza iko tayari, tafadhali afike kuichukua.

Ilikuwa imeandikwa miezi miwili nyuma.

Uso uliniwaka moto. Nilikasirikia kliniki, kwa nini jambo la maana walifiche chini ya kelele. Nikajikasirikia na mimi. Baba alipoulizwa anwani alitoa yangu kwa sababu yeye hana, simu yake ni ya vitufe.

Hapo ndipo nikavuta daftari la wateja. Nilikuwa nimezichapa zile anwani zote kama mashine, nacheka tu moyoni. Mwalimu mstaafu, makochi matatu: mfalmewagemu. Mama mwenye duka la vyombo: totozuri. Mzee mwenye bakora, kiti cha kuegemea: mwisho wa anwani kuna mwaka wa kuzaliwa, na huo mwaka ni wangu mimi. Ukurasa baada ya ukurasa. Miezi hii yote tulikuwa tunawapigia kelele watoto na wajukuu wa watu kuhusu makochi ambayo si yao, na wao walikuwa wanatufuta kama nilivyokuwa nafuta mimi.

Kwanza ilibidi nikamwambie Baba. Nilizunguka ile karakana mara tatu nikijifanya nafagia. Alikuwa amebana misumari mdomoni, anatengeneza kigoda chetu wenyewe ili mikono isikae bure. Nikamwonyesha simu, nikakumbuka haoni, nikamsomea. Sauti ilitoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa.

Akaitoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akaiweka juu ya sponji.

"Miezi miwili," akasema.

"Ndiyo, Baba. Nilikuwa nazifuta. Nisamehe."

"Na mimi nimemtukana mwenye uzi wa watu."

Afadhali angenigombeza. Jumatano asubuhi alikwenda kliniki, na niliporudi shule nilimkuta anapita kwenye kuta za karakana anasoma kalenda za zamani.

Siku hiyo hiyo, kabla Mjomba hajaja, nikakaa kwenye kompyuta yake aliyoiacha kwetu, nikaandika. Niliandika kama naiba, sikio mlangoni. Kichwa nilikiweka hivi: Mwonyeshe mwenye kochi. Halafu:

"Habari. Najua kochi si lako. Ni la mama, au baba, au bibi, na siku lilipoletwa kwa fundi waliandika anwani yako maana wao hawana. Mimi pia hupokea barua za baba yangu. Nilikuwa nazifuta, na moja ilikuwa inasema miwani yake iko tayari.

Sikuombi ununue kitu. Nenda ukae pale anapokaa yeye kila siku. Ukizama, au chuma kikikugusa, mwonyeshe barua hii. Fundi yupo. Cherehani yake ipo mpaka Jumamosi. Ukijibu hapa, nitampelekea ujumbe kwa mkono wangu. Binti wa fundi."

Nikaisoma mara nne. Nikafumba macho, nikabonyeza.

Alhamisi jioni walikuwa wameifungua watu sitini na mmoja. Nilihesabu upya nikidhani kompyuta imeharibika. Na majibu yalikuja, kitu ambacho hakikuwahi kutokea. Mmoja aliandika: nimekaa, nimezama kweli. Mwingine akauliza nani amenipa anwani yake. Mwingine akasema bibi yake anauliza kama mimi ndiye yule mtoto aliyekuwa anajificha nyuma ya mlango. Wawili wakaahidi kuleta makochi Ijumaa.

Ijumaa hawakuja. Nilikaa dirishani na sare yangu ya shule mpaka giza likaanza kuingia. Mkokoteni ukipita roho inaruka, kumbe umebeba magunia. Kufungua barua si kuleta kochi. Hilo nalo hakuna aliyenifundisha.

Mjomba yeye aliingia anacheza. Alikuwa ameziona zile namba kwenye simu yake, sitini na moja, na alikuwa amekwisha kumwambia Mama kwamba barua ya tano imeanza kufanya kazi, hizi barua huwa zinachelewa. Hakuwa amesoma barua yenyewe. Akavuta kompyuta, akachapa yeye mwenyewe safari hii, SAA CHACHE ZIMEBAKI na mshangao kama safu ya misumari, akasema tuwapige nyingine wakiwa bado moto. Kidole chake kilikuwa kinashuka.

Nikaifunika kompyuta. Sijui nilivyofanya, niliona tu kiganja changu kiko juu yake.

"Hapana, Mjomba," nikasema.

Mama akaacha kukunja kitambaa. Mjomba alinitazama kama kochi limemsemesha.

"Hawa wamenijibu mimi. Ukiwapigia kelele sasa hivi watatufuta, kama nilivyoifuta miwani ya Baba."

Mama akaanza kusema sina adabu. Baba akainua mkono, akaiomba hiyo barua waliyoijibu. Akairekebisha miwani puani, akasoma polepole, midomo inacheza, na alipofika mwisho akarudia mwanzo.

"Shemeji," akamwuliza Mjomba, "hii umeandika wewe?"

Mjomba akainama, akasoma. "Hiyo ni insha," akasema.

"Basi tuiache insha mpaka kesho."

Jumamosi saa tatu fundi wa mabegi alifika na pikapu na wapagazi wawili. Kochi hakuna. Baba alikuwa ameshaifuta cherehani, ameitia mafuta kama mtu anayemwogesha mtoto wa safari. Alionyesha tu bolti nne zinazoishikilia sakafuni. Wakafungua ya kwanza. Wakafungua ya pili. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na meno nimeyabana mpaka taya linauma, na nilijichukia kwa kila barua niliyoichapa huku nimenyamaza.

Ndipo nikasikia magurudumu. Mkokoteni, na juu yake kochi la mtu mmoja lililochanika mgongo, na anayesukuma ni msichana mrefu wa rika langu, na nyuma yake mwalimu mstaafu anatembea polepole anatoa maelekezo ambayo hakuna anayeyafuata. Mfalme wa gemu alikuwa msichana.

"Wewe ndiye binti wa fundi?" akaniuliza, anahema.

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Mjukuu wangu alikaa kwenye kiti changu juzi," mwalimu akasema, "akakataa kuinuka mpaka niahidi kukileta."

Baba alikibonyeza kile kiti, akakaa, akasikiliza springi, akainuka. Akamgeukia fundi wa mabegi.

"Samahani ndugu yangu. Kazi imeingia."

"Kochi moja?"

"Tuliongea kochi moja."

Yule bwana akaguna, akalalamika juu ya pikapu aliyoikodi, akasema atapita mwezi ujao aone kama bado tunaringa. Na anaweza akaja kweli. Kochi moja ni kochi moja. Mjomba, aliyekuwa dirishani muda wote, akamnong'oneza Mama kwamba si alisema zinachelewa, na Mama akaitikia. Sikuwa na nguvu ya kubishana.

Bolti moja ilikuwa imepotea kwenye vumbi la sponji. Baba aliinama, akaiona yeye mwenyewe, akaanza kuirudisha.

"Andika nyingine," akaniambia bila kuinua kichwa.

"Niseme nini, Baba?"

"Uliwaambia cherehani ipo mpaka Jumamosi. Wengine watadhani imeondoka. Waambie ipo."

Nikafungua kompyuta. Kwenye kichwa nikaandika: Cherehani bado ipo. Mjomba akasogea nyuma yangu, akasoma, akanipumulia shingoni, akaniomba niweke japo mshangao mmoja, mmoja tu, kwa ajili yake.

Nikaweka nukta.