Nukta Nyekundu Ziwani

Jumamosi ile Liberati alikuwa na kazi moja tu: kufunga mdomo. Ikamshinda kabla ya chai.

Dada yake Delfina, mkazi wa Buffalo, aliingia Ziwa Erie upande wa Kanada saa kumi na moja alfajiri, avuke hadi mjini kwake kwa kuogelea. Maji nyuzijoto kumi na tatu, mwilini vazi la kuogelea na mafuta mazito, basi. Kaka yao mkubwa, Gaudiosi, alimfuata kwa boti. Sheria ilikuwa fupi: ukiigusa boti, au mtu wa boti akikugusa, umetolewa, na mazoezi ya miaka miwili yamekwenda bure. Kwenye simu, Delfina alionekana kama nukta nyekundu juu ya ramani. Alimtumia Liberati kiungo cha ramani hiyo kwa siri, awagawie vijana wenzao. Liberati, macho mazito kwa zamu ya usiku ghalani, akakituma kwenye kundi la familia. Yaani kwa mama.

Mama Veridiana aliishi Louisville, mtaa wa Beechmont, na maji hayakuwa rafiki yake. Mdogo wake alizama mto Malagarasi siku walipokimbia vita kuingia Tanzania. Tangu hapo wanawe aliwaogesha kwa kopo kwenye kambi ya wakimbizi, na beseni lenyewe alilitazama kama mamba. Angemwambia Gaudiosi "mtoe," Gaudiosi angemtoa. Yule hata chumvi haongezi mezani bila ruhusa ya mama.

Saa nne na nusu simu ikalia. Liberati alikuwa kwenye foleni ya duka la vyakula vya Kiafrika, Morse Road, Columbus, kakumbatia mfuko wa unga wa muhogo.

"Liberati, hii nukta ni ya nini?"

"Ah, mama! Shikamoo."

"Marahaba. Nukta."

"Mzigo wangu huo. Nimeagiza viatu, ndiyo vinakuja."

"Vinapita ziwani?"

"Usafiri wa bei nafuu, mama."

"Na vinaitwa Delfina?"

Liberati akauweka unga kaunta, akatoka kwenye foleni, akarudi, akatoka tena. Nukta ilikuwa imebakiza kilomita mbili na ushee. Karibu saa nzima. Dawa ni mama asikate simu, asije akampigia Gaudiosi.

"Mama, nimepata mchumba."

Friji ya mama, ambayo siku zote ilinguruma mpaka Columbus, ilitulia.

"Wa wapi?"

Macho yakahangaika, yakatua kwenye kibandiko cha jina kifuani mwa keshia. "Mkenya. Anaitwa Kananu."

"Anasali?"

"Kuliko paroko."

Keshia akainua kichwa. "Ati nini?"

Liberati akamkunjia viganja kuomba msamaha, akachomoka nje. Kwa dakika arobaini alipima lami ya maegesho kwa hatua, kutoka pipa la taka mpaka kituo cha basi na kurudi, huku akimpikisha Kananu, akimwimbisha kwaya, akimpa wajomba wakali wa Meru. Kila sentensi mbili aliichungulia nukta.

Nukta ikasimama.

Dakika mbili. Nne. Delfina mwenyewe alishamsimulia: kwenye baridi ile vidole huachana vyenyewe, ulimi huwa mzito, mtu akasahau kwamba anaogelea. Dakika sita.

"Anapenda nini? Mbona umenyamaza?" mama akauliza.

"Mama, ngoja nimpigie Gaudiosi. Amtoe. Amtoe sasa hivi!"

"Thubutu!"

Liberati akaganda kando ya pipa. "Kumbe unajua?"

"Nimekaa na hiyo nukta tangu saa kumi na mbili. Kila baada ya saa moja inasimama kidogo, kisha inakwenda. Dada yako kanisumbua msimu wote wa baridi: mama, uji wa kunywa kwa chupa hupikwaje, usigande ukipoa? Nikadhani ana mimba. Anakunywa uji wangu huyo."

"Mama, dakika nane!"

"Nazihesabu." Sauti yake ikakwaruza. "Namba ya Gaudiosi nimeibonyeza mara tatu, nikakata. Sheria nimeisoma chini ya ramani: akimshika, mwanangu atakuwa ameshindwa na mimi, siyo na maji. Wewe tulia."

Kutulia kwenyewe kukagoma. Basi likasimama, dereva akamtazama kijana anayezunguka pipa la taka kama anayelitolea posa, akafunga mlango, akaondoka. Dakika tisa. Kumi. Upande wa Louisville zilisikika punje za rozari tu. Mama alikuwa akisali bila sauti.

Nukta ikatikisika. Ikasogea.

Saa tano na dakika arobaini ilifika ukingoni mwa ziwa. Picha ya Gaudiosi ikaingia: Delfina juu ya mawe ya Buffalo, midomo ya zambarau, mablanketi matatu, chupa ya uji kaipindua mdomoni.

"Mwambieni avae soksi," mama akasema.

"Sasa kama ulijua, ulinipigia kwa nini?"

"Nilichoka kuangalia peke yangu." Akapenga kamasi. "Haya. Mpe Kananu simu nimsalimie."

"Mama, huyo..."

"Mpe."

Liberati akarudi dukani kwa miguu ya mtu anayeingia ziwani. Akainyoosha simu juu ya kaunta. "Dada, samahani sana. Mama yangu anaomba kukusalimia."

Kananu akamtazama, akatazama mfuko wa unga uliomsubiri pale tangu saa nne na nusu, akaipokea simu.

"Shikamoo, mama. Eeh, ni mimi. Yule anayemshinda paroko."